Chicago, mji uliougeuza mto wake

Mtu akitajiwa Chicago, mji wa tatu kwa ukubwa katika Marekani, mara hufikiri juu ya majumba yake marefu. Lakini mgeni afikaye huko na ashuke kwanza mpaka ukingo wa mto. Si mto mkubwa. Unapita katikati ya mji, na wengi wanaovuka madaraja yake hawautazami hata kidogo. Hata hivyo mji wote umetokana na mto huo, na mambo ambayo watu wameutendea yanastahili kujulikana.

Kitunguu cha mwitu

Jina la Chicago limetoka katika lugha ya wenyeji wa kale. Lilikuwa jina la kitunguu cha mwitu kilichoota kwa wingi kando ya maji. Wenyeji walipathamini mahali hapo kwa sababu ya njia. Mto ulimwaga maji yake katika ziwa Michigan, lakini kilometa chache kutoka huko ulikuwapo mto mwingine, ambao maji yake huteremka mpaka Mississippi na Ghuba ya Meksiko. Msafiri aliweza kubeba mtumbwi wake kutoka mto mmoja mpaka wa pili. Mwaka 1673 Padre Jacques Marquette, Myezuiti, na mwenzake Louis Jolliet walipita njia hiyo. Jolliet akaona mara moja kwamba mfereji mmoja ungeweza kuyaunganisha maji hayo. Mfereji huo ulifunguliwa mwaka 1848 tu.

Mtu wa kwanza

Je, ni nani aliyejenga nyumba ya kwanza ya kudumu kwenye mlango wa mto? Kwa miaka mingi vitabu vilimtaja John Kinzie, mfanya biashara mzungu. Kumbe Kinzie alinunua mwaka 1804 nyumba iliyokuwa imekwisha jengwa na mtu mweusi, Jean Baptiste Point du Sable.

Du Sable alikuwa mfanya biashara mwenye bidii. Mkewe, Kitihawa, alikuwa wa kabila la Wapotawatomi. Ndoa yao ilibarikiwa na padre huko Cahokia mwaka 1788. Alipouza mali yake mwaka 1800, hati ya mauzo ilitaja nyumba, kinu, mahali pa kuokea mikate, zizi, ng'ombe 30, nguruwe 38 na kuku 44. Hayo si mali ya mpita njia. Ni mali ya mtu aliyepanga kukaa. Alifariki mwaka 1818 huko St. Charles, katika Missouri, akazikwa katika makaburi ya Wakatoliki.

Watu weusi wa Chicago hawakukubali jina lake lipotee. Palipofanyika maonyesho makubwa ya mwaka 1933, chama cha wanawake weusi kilihakikisha kwamba mfano wa nyumba yake unajengwa hapo. Mwaka 1968 serikali ikamtambua kuwa mwanzilishi wa mji. Daraja moja kubwa lilipewa jina lake mwaka 2010, na barabara ya kando ya ziwa mwaka 2021.

Mji ulioinuliwa

Mahali palipokuwa pazuri kwa mitumbwi palikuwa pabaya kwa majumba. Nchi ni tambarare na ya matope. Maji machafu hayakuwa na pa kwenda. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 1,400. Basi fundi mkuu Ellis Chesbrough akatoa shauri la ajabu: mabomba ya maji machafu yalazwe juu ya ardhi, yafunikwe kwa udongo, na njia zote zipande juu yake.

Lakini nyumba zilizokwisha jengwa zingebaki shimoni. Kwa hiyo nazo ziliinuliwa. Mwaka 1860, katika Lake Street, watu 600 walizungusha jeki 6,000, na safu nzima ya majumba ya matofali ikapanda zaidi ya mita 1 katika siku chache. Maduka yaliendelea kuuza. Mwaka uliofuata hoteli Tremont, yenye orofa sita, iliinuliwa wageni wakiwa ndani.

Uchafu wa jirani

Njia zikakauka, lakini mabomba yalimwaga uchafu mtoni, mto ukaupeleka ziwani, na ziwa ndilo lililowapa watu maji ya kunywa! Mwaka 1867 walifungua njia iliyochimbwa chini ya ziwa, urefu wa kilometa 3, ili wateke maji mbali na pwani. Haikutosha. Mvua kubwa ya Agosti 1885 ilitia watu hofu kuu. Wako wanaosimulia kwamba maradhi yaliua watu 90,000 baada ya mvua hiyo. Habari hiyo si kweli, ingawa imerudiwa mara nyingi. Hofu peke yake ilitosha.

Wakaamua kuugeuza mto. Tangu 1892 walichimba mfereji wa kilometa 45, wenye kina kuliko mto wenyewe, hata maji ya ziwa yakaanza kuingia mtoni badala ya mto kuingia ziwani. Tarehe 2 Januari 1900 walifungua njia ya maji upesi, bila sherehe, wakiogopa kuzuiwa na mahakama.

Walikuwa na sababu ya kuogopa. Uchafu wa Chicago sasa ulielekea Mississippi, na watu wa St. Louis hunywa maji ya mto huo. Jimbo la Missouri likashtaki mwezi uleule. Mwaka 1906 Mahakama Kuu ilikataa mashtaka, kwa kuwa ushahidi wa madhara haukutosha. Lakini mwaka 1930 mahakama hiyohiyo, kwa malalamiko ya majimbo mengine, iliupunguzia mji kiasi cha maji ya ziwa. Hapo Chicago ikalazimika kujenga mitambo zaidi ya kusafisha maji yake machafu.

Mto wa kijani

Tangu mwaka 1962, kwa sikukuu ya Mtakatifu Patrisi, mafundi wa mabomba hutia rangi mtoni, nao hugeuka kijani kibichi. Watu hucheka na kushangilia. Wachache wanajua kwamba rangi hiyo ilikuwa chombo cha kazi: mafundi waliitumia kutafuta mabomba yaliyomwaga uchafu mtoni kwa siri.

Familia zinazoteka maji mtoni zinajua jambo ambalo Chicago ilijifunza kwa gharama kubwa. Uchafu unaoondolewa mlangoni kwetu haupotei. Unafika mlangoni kwa mwingine. Na maji yanayopita leo chini ya daraja la Du Sable yanakwenda upande ambao yeye hakuujua.