Jina la Fanani

Mwanafunzi wa fasihi simulizi anapotumwa nyanjani huagizwa aandike umri wa mtambaji, jinsia yake na kijiji chake. Akirudi, bibi aliyemtambia hadi usiku wa manane huwa amegeuka "mhojiwa", na ngano yenyewe huwa mali ya jamii nzima. Mazoea haya yana sababu zake, kwani ngano haina mwenyewe mmoja. Lakini yanamnyima msanii kile asichonyimwa hata mwandishi wa riwaya dhaifu kupita zote, yaani jina.

Ndiyo maana kitabu cha The World and the Word, kilichochapishwa Wisconsin mwaka 1992, chastahili kurejelewa. Mwenye ngano zilizomo anatajwa waziwazi: Nongenile Masithathu Zenani, mtambaji wa Kixhosa kutoka wilaya ya Gatyana, Transkei. Harold Scheub, aliyeanza utafiti wake katika sehemu hizo mwaka 1967, ni mkusanyaji na mhariri.

Intsomi, kama Waxhosa waiitavyo ngano, ni sanaa iliyoshikiliwa hasa na wanawake. Hutambwa nyumbani, mbele ya watoto na majirani. Kiini chake hurithiwa: wimbo mfupi, zimwi, msichana aliyeonywa akakaidi. Kiini hicho chaweza kumalizwa kwa dakika chache. Yote yaliyosalia ni kazi ya fanani: mikono, macho, kupanda na kushuka kwa sauti, kimya, wimbo unaorudiwa mpaka hadhira iuitikie. Zenani alikuwa stadi wa kurefusha. Aliweza kuunganisha visa ambavyo mwingine angeviacha mbalimbali, kimoja kikaanza kukifasiri kingine. Huko si kukumbuka, ni kutunga. Neno "kuhifadhi", ambalo wahakiki hulipenda mno wanapowazungumzia akina bibi, linampunja. Ghala nalo huhifadhi.

Hata hivyo kitabu chenyewe hakikosi ila. Msomaji hukutana na Zenani kwa Kiingereza. Kixhosa chake, pamoja na vidoko vyake, kimebaki kwenye kanda. Mikono yake haimo ukurasani. Na wale waliouitikia wimbo, ambao bila wao intsomi haisimami, hawakupata jina hata baada yake yeye kulipata. Yamkini miongoni mwao walikuwamo wasichana waliokaa karibu na moto, wakiangalia jinsi anavyonyamaza kabla zimwi halijabisha hodi.