Kuona Tumboni Kabla ya Kisu

Katekista wa kijijini huitwa kabla ya mganga. Mtu akishikwa na tumbo usiku, jamaa hubisha mlangoni: "Mwalimu, njoo utuombee." Naenda, naomba, kisha nauliza: Maumivu yalianza lini? Mmempa nini? Jibu la pili ndilo linitialo hofu, maana mara nyingi amekwisha kupewa dawa ya kuharisha au kupigwa bomba. Kama kidole tumbo kimevimba, au utumbo umejipinda, dawa hiyo yaweza kuupasua.

Homa ya matumbo hutoboa utumbo, ngiri huunyonga, mimba iliyotunga nje ya kizazi humwaga damu ndani. Na wagonjwa wote hao hulia kilio kimoja. Zamani mganga alikuwa na mikono yake na picha ya eksirei tu. Leo iko mashine iitwayo skana. Miale humzunguka mgonjwa akiwa amelala, na kompyuta huonyesha tumbo lake vipande vipande, kama mkate uliokatwa. Mwingereza Godfrey Hounsfield aliitengeneza, na mgonjwa wa kwanza alipigwa picha London mwaka 1971. Hesabu zake alikuwa amekwisha kuzitafuta Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Afrika nayo imo, kumbe!

Sisi Wakongo twajua hasara ya kupasua bila kujua. Aprili 1995, mjini Kikwit, mfanyakazi wa maabara alipasuliwa tumbo, waganga wakidhani utumbo umetoboka. Kumbe ni Ebola. Waliomhudumia wakaugua, na Masista 6 wa shirika la Bergamo wakafa mwaka ule, wa kwanza wao Sista Floralba Rondi, muuguzi wa chumba cha upasuaji. Skana haitambui Ebola. Hiyo ni kazi ya maabara. Lakini huweza kuonyesha hewa iliyovuja kutoka utumboni, mganga akajua kama kisu kina kazi.

Huku Butembo na Beni ugonjwa huo ulikaa tangu Agosti 2018 hata Juni 2020. Wenye homa na kutapika waliogopa hospitali wasije wakafungiwa, na woga huo haujatutoka.

Sasa wengine husema: "Tungoje mpaka tupate mahali penye skana." Hapana! Mikono ya mganga mzoefu na ekografia hutambua mengi, tena kwa mama mja mzito na mtoto huanzwa na ekografia, kwa kuwa haina miale. Tumbo likikaza kama ubao, au mtu akitapika majimaji ya kijani na hewa haitoki, msimlishe kitu. Mpelekeni usiku ule ule. Kama njiani kuna watu wa silaha, mfikisheni kituo cha afya kilicho karibu, atundikiwe maji mpaka kupambazuke. Mmoja wenu na amwite padre: Mpako wa Wagonjwa hutolewa hospitalini pia, na hata kabla ya kupasuliwa.