Gesi kwa Gari Sawa, Lakini Si Mtungi wa Jikoni

Wadau, hii stori ya gari kutumia gesi imefika steji yetu hapa Kitale. Na inaeleweka. Julai 2023 serikali ilipandisha VAT ya petroli kutoka 8% hadi 16%, na ikaiondoa kwa gesi. Septemba hiyo hiyo lita ya petroli ikapita shilingi 200. Dereva wa kwenda Bungoma afanye nini?

Mimi sipingi gesi. Gari ya petroli inaweza kufungwa tangi la gesi na bado ibaki na petroli, unachagua kwa swichi. Ukweli, lita ya gesi haikupeleki mbali kama ya petroli, lakini bei ikiwa chini vya kutosha, unabaki na kitu mfukoni.

Shida ni hii: binamu yangu ameambiwa na fundi aweke ule mtungi wa kilo 13 wa jikoni kwa buti. Nimemwambia zii! Tangi la gari lina vali inayozuia lisijazwe kupita 80%, na linafungwa imara lisisogee. Mtungi wa jikoni hauna hayo. Halafu gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini, pale miguuni pa abiria. Embakasi, Februari 2024, sote tuliona gesi ikishika moto inafanya nini.

Kwa hivyo uliza maswali mawili. Fundi ana tangi la gari kweli? Na gesi ikiisha ukiwa Bungoma, utajaza wapi? Kama jibu ni "kwa duka la mitungi," endelea na petroli, bro. Abiria wa Kamukuywa na Webuye hawalipi nauli wakalie bomu.