Lipime Kabla Halijaondoka



Labda mtacheka mkisikia ya kuwa mtu mzima, karani wa parokia, mwenye mke na watoto, ametumia jioni zake za miezi saba kutengeneza motokaa ndogo ya bati. Jirani mmoja aliniuliza kama nimepata wateja mjini. Mwingine alisema ati nimerudi utotoni. Siwalaumu. Lakini leo napenda kuwaeleza kazi hiyo ilivyo, na kwa nini naona yafaa hata katika nyumba zenu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Watoto wetu huunda magari ya waya na ya makopo, nao ni mafundi hodari. Gari la mtoto latosha likiwa na magurudumu na likikimbia. Gari la mfano ni jambo lingine. Kila kipande chake sharti kilingane na kile cha gari lenyewe, ila vyote vimepunguzwa kwa kipimo kimoja. Ni kama ramani ukutani mwa darasa: mchoraji hana ruhusa ya kuukuza mto aupendao na kuupunguza asioupenda. Mimi nilichagua kipimo cha moja kwa nane. Inchi nane za gari kubwa ni inchi moja ya gari dogo. Mtu wa sentimita 160, akipunguzwa hivyo, angekuwa na sentimita 20.

Gari lenyewe lilikuwa Land Rover ya parokia yetu, ile fupi, ya mwaka 1967. Wazee mnaijua jamii yake. Asili yake ni Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili. Bwana Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, naye alitumia huko jipu la Kimarekani lililobaki vitani. Akaona kwamba kampuni yake yaweza kuwaundia wakulima gari la namna hiyo. Likaonyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwezi wa Aprili 1948. Siku zile chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza na kiligawiwa kwa kibali. Basi mwili wa gari ukafanywa kwa aluminiamu, na fremu ya chini ikawa ya chuma. Uzao wa gari lile, baada ya mageuzi mengi, uliendelea kuundwa huko Solihull hadi tarehe 29 Januari 2016.

Katika parokia kama yetu gari halikuwa fahari. Kanisa lilijifunza mapema kwamba safari yaweza kuwa uhai au kifo. Mwaka 1927, huko Ujerumani, Padre Paul Schulte alianzisha chama cha MIVA ili kuwapatia wamisionari vyombo vya safari, kwa sababu rafiki yake, aliyekuwa padre katika nchi ambayo leo ni Namibia, alikufa kwa kukosa chombo cha kumfikisha upesi kwa daktari. Gari letu nalo lilipeleka padre vigangoni, lilileta mahindi wakati wa njaa, lilichukua wagonjwa na majeneza. Dereva wake tangu 1974 hadi 1996 alikuwa baba yangu mzazi.

Baada ya hapo gari lilisimama miaka mingi chini ya mwembe. Ukilitazama juu, ungedhani bado zima, maana aluminiamu haili kutu kama chuma. Lakini fremu ya chini, isiyoonekana na mpita njia, ilikuwa imeliwa hata ukiisukuma kwa kidole kinazama. Halmashauri ya parokia ikaamua liuzwe kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na fedha zitengeneze paa la kigango lililokuwa likivuja. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu za mkutano. Uamuzi ulikuwa wa haki, maana Wakristo wasinyeshewe kwa ajili ya gari bovu. Mnunuzi angefika baada ya majuma mawili.

Jioni ile nilimpelekea baba habari. Macho yake yameharibiwa na ugonjwa unaoitwa presha ya macho. Ugonjwa huo mara nyingi hauumi. Huanza kula mwono pembeni, ukija katikati polepole, na kilichopotea hakirudi tena. Dawa ya matone hulinda kile kilichobaki tu. Yeye sasa huona kama mtu anayechungulia katika bomba. Aliposikia habari alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, gari lile sikulijua kwa macho. Nililijua kwa mikono."

Neno hilo ndilo lililonitia katika kazi hii. Picha isingemfaa. Alihitaji kitu cha kushika, tena kitu cha kweli, maana mikono iliyoshika usukani miaka 22 haidanganyiki.

Basi nilimchukua kijana wangu wa miaka 11, tukaenda chini ya mwembe na tepu, rula na daftari. Baba aliketi kwenye kigoda akituongoza. "Pimeni toka ekseli hadi ekseli." Tulipata inchi 88, kwa nane ni 11 kamili. Tukapima boneti, milango, kioo cha mbele, tairi la akiba lililolala juu ya boneti, na zile taa mbili za mbele zilizokaribiana kwenye wavu, maana Land Rover za miaka ile hazikuwa na taa kwenye madigadi. Kwa siku tisa tulijaza daftari zima. Mtoto aliyekuwa akikimbia hesabu za kugawanya alizoea kugawanya kwa nane hata njiani akitoka shule. Nilimwonyesha na fumbo hili: urefu umegawanywa kwa nane, upana kwa nane, na kimo kwa nane. Nane mara nane mara nane ni 512. Gari kubwa lina uzito wa kilo 1,300 hivi. Gari dogo, kama kila kitu chake kingekuwa cha namna ileile, lingekuwa na kilo mbili na nusu tu.

Vifaa havikutaka fedha nyingi. Fremu tuliichonga kwa mti wa mninga. Mwili tuliukata kwa mkasi katika mabati membamba ya aluminiamu ambayo viwanda vya kupigia chapa huyatupa baada ya kazi. Kila kipande tulikikata kwanza kwa boksi. Kikikaa sawa, ndipo tulipogusa bati. Matairi tuliyakata katika soli za kandambili, tukayabandika matabaka matabaka na kuyasugua kwa msasa hata yakawa duara. Kioo kilitoka katika chupa ya maji. Vile vichwa vya ribiti vilivyojipanga mwilini mwa gari ni vichwa vya pini, na kila kimoja kilihesabiwa.

Kabla ya rangi likaja shauri gumu. Madigadi ya kushoto ya gari kubwa ilikuwa na mbonyeo. Masika ya 1978, usiku, baba alikuwa akimpeleka hospitali mama mwenye uchungu. Barabara ilikuwa imekatwa na maji; akakwepa, akagonga kisiki, akaendelea. Mama alifika salama. Hata hivyo baba hakupenda mbonyeo ule. Dereva ana heshima yake. Akaniambia, "Madigadi ile ifanye laini, kama ilivyotoka kiwandani."

Nilikaa siku kadhaa bila kugusa kazi. Nani ataka kumnyima mzee wake ombi dogo, naye aingia gizani? Lakini nikiondoa mbonyeo, kipimo chetu kingekuwa na upendeleo, na mjukuu wake angejifunza kwamba tunapima yale yanayotupendeza tu. Ndipo akaja mtu niliyekuwa sikumwita. Mtoto aliyezaliwa usiku ule wa masika leo ni mama wa watoto wanne. Alikuwa amesikia habari za gari dogo. Akampigia baba goti, akamwamkia, akasema, "Baba, mbonyeo ule usiufute. Ule ndio cheti changu cha kuzaliwa."

Baba alicheka mpaka akafuta macho. Akaomba ile madigadi ndogo. Akaipapasa, akatafuta mahali, akaweka kidole gumba, akakandamiza. Bati likazama. Nilipolipima na kulinganisha na daftari, lilikuwa mahali pake hasa.

Sasa rangi. Aluminiamu haipendi rangi. Ukiipaka hivihivi hubanduka kama ganda. Sharti isuguliwe kwa msasa, ioshwe kwa sabuni, na isishikwe tena kwa vidole vyenye mafuta. Halafu hupakwa rangi ya msingi ya kushikia bati, ndipo rangi ya kijani. Rangi iwe nyepesi, ichujwe kwa kitambaa cha soksi kuukuu. Kwa nini nyepesi? Kwa sababu rangi yenye unene wa nusu milimita kwenye gari dogo ingekuwa milimita nne kwenye gari kubwa, nayo ingefunika ribiti zote. Tena tuliongeza tone la rangi nyeupe, maana kitu kidogo kikipakwa rangi ileile ya kikubwa huonekana cheusi zaidi. Tulipaka alfajiri, baada ya mvua, vumbi likiwa limelala. Tulipaka mara nne, na kila mara tulingoja siku moja ikauke. Haraka haraka haina baraka, na kwa rangi ni kweli zaidi. Mwisho tulichekecha udongo mwekundu wa barabara yetu kwa kitambaa, tukaupaka kwa brashi kavu chini ya madigadi. Gari lisilo na vumbi si la parokia yetu.

Mnunuzi alikwisha kuchukua gari kubwa zamani, na paa la kigango halivuji tena. Gari dogo liko kwa baba. Jioni watoto humzunguka, naye hupitisha vidole na kusimulia: hapa alikaa padre, hapa alilala mgonjwa, hapa tulipakia mahindi. Habari ambazo sikuwahi kuzisikia nikiwa mtoto, sasa nazisikia kila juma.

Ndugu wasomaji, kila nyumba ina kitu kinachoondoka: ghala la nafaka la bibi, mtumbwi wa babu, kanisa la kwanza la udongo. Si lazima tukizuie. Lakini twaweza kukipima. Mpeni mzee kigoda, mpeni mtoto kalamu, nanyi shikeni tepu. Msingoje macho yafumbe.

Na kwa habari ya macho, nina neno moja. Presha ya macho hupita katika ukoo. Aliye na mzazi au ndugu mwenye ugonjwa huu aende kupimwa, hasa akikaribia miaka 40, hata kama aona vizuri. Mimi nimekwenda, na nitarudi kila mwaka. Fremu huliwa chini kwa chini wakati mwili ungali ukipendeza.

Mungu awabariki ninyi na wazee wenu.