Risasi Nyepesi au Nzito? Hesabu ya Upepo Iliyoninyima Usingizi

Leo tuweke kando mambo ya seva na hifadhidata. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikimwandikia programu ya simu mteja mmoja wa Wyoming, Marekani, na programu yenyewe ni ya bunduki. Ndiyo, bunduki! Mimi sijawahi kushika hata moja. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kabla sijazaliwa, na bunduki ninazoziona ni zile za askari wanaolinda benki. Lakini hesabu ni hesabu. Isitoshe, ENIAC, ile kompyuta kubwa iliyotangazwa mwaka 1946, ilijengwa ili kulikokotolea jeshi la Marekani majedwali ya mizinga. Kwa hiyo msinishangae, fani yetu ilianzia huko huko.

Mteja wangu ni mzee mwenye ranchi ya ng'ombe. Malisho yake yamejaa mnyama mdogo wa jamii ya kindi ambaye Wamarekani humwita mbwa wa mbugani kwa sababu ya mlio wake unaofanana na kubweka. Huchimba mashimo na kula nyasi za ng'ombe, na mzee humpiga risasi. Mwisho wa wiki mzee huenda kupiga shabaha za karatasi zilizo umbali wa yadi 500 au zaidi. Kazi zote mbili anazifanya kwa risasi za aina ya .223 Remington, zenye kipenyo cha milimita 5.7 hivi. Kipenyo ni kimoja, ila uzito unatofautiana: kuna za greni 40, 55, 69, 77, hadi 80 na kuendelea. (Greni moja ni gramu 0.065. Kwa hiyo ya 55 ina gramu 3.6, na ya 77 ina gramu 5.) Agizo lake lilikuwa fupi: kitufe kimoja, jibu moja. Uzito upi ni bora?

Nilidhani hiyo ni kazi ya siku mbili. Haikuwa.

Kwanza kuna upepo. Chukua risasi mbili. Ya greni 55 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 988 kwa sekunde. Ya greni 77, kwa kuwa baruti ina mzigo mkubwa zaidi wa kusukuma, hutoka kwa mita 838. Weka shabaha yadi 500, yaani mita 457, na upepo wa kilomita 16 kwa saa ukivuma kutoka ubavuni. Hewa ni ya usawa wa bahari. Programu yangu ilisema ile nyepesi hufika baada ya sekunde 0.66 na nzito sekunde 0.70. Sasa niambie, ipi itasukumwa zaidi na upepo? Akili ya kawaida inasema ni nzito, maana imekaa hewani muda mrefu zaidi. Lakini nyepesi husukumwa sentimita 88, na nzito 70 tu!

Nilikaa na namba hizo hadi usiku wa manane nikitafuta hitilafu kwenye msimbo. Hakukuwa na hitilafu. Kumbe upepo hauhesabu muda wote ambao risasi iko hewani. Unahesabu ule muda ambao risasi imechelewa kwa sababu ya ukinzani wa hewa. Kama pasingekuwa na hewa, ile ya 55 ingefika kwa sekunde 0.463, kwa hiyo imechelewa 0.197. Ile ya 77 ingefika kwa 0.545, imechelewa 0.156. Zidisha kuchelewa huko kwa kasi ya upepo, mita 4.47 kwa sekunde, utapata namba zile zile. Mstari mmoja wa msimbo! Risasi nzito ni ndefu na hupenya hewa vizuri, kwa hiyo haipotezi kasi yake ovyo ovyo. Kasi ya mtutuni, ambayo watu hupenda kujisifia, ni kama vile wauza kompyuta walivyokuwa wakitupigia kelele za megahezi. Haidanganyi, ila haikuambii unachotaka kujua.

Basi jibu ni 77? Polepole. Kwa yadi 200 tofauti ya upepo haizidi sentimita mbili, na pale nyepesi ina faida yake: inaruka ikiwa imenyooka zaidi, hata ukikosea kukadiria umbali kidogo bado unapata.

Halafu kuna mtutu wenyewe. Ndani una mifuo iliyojipinda, inayoizungusha risasi ili isipinduke angani. Mwingereza Greenhill alitoa kanuni yake mwaka 1879: zidisha 150 kwa kipenyo mara mbili, gawa kwa urefu wa risasi, vyote kwa inchi. Risasi ya 77 ina urefu wa karibu inchi moja, kwa hiyo inahitaji mtutu unaoizungusha mara moja kila inchi 7.5 hivi. Mitutu mingi ya zamani ya .223 huzungusha mara moja kila inchi 12. Ukitia 77 humo, inapinduka na kugonga karatasi ubavu, ikiacha tundu refu kama la ufunguo. Angalia basi: kinachoamua ni urefu. Uzito unasingiziwa tu.

Jambo la tatu ndilo lililoniletea mvutano na mzee. Risasi za wanyama wadogo hutengenezwa ziwe dhaifu makusudi: zikigusa kitu zinavunjika vipande vipande. Mnyama anakufa papo hapo, na risasi ikigonga udongo hairuki kwenda kwingine. Zile za shabaha hazikutengenezwa kupasuka. Zinaweza kumpita mnyama, naye akajikokota hadi shimoni kufia huko, huku risasi ikiruka kutoka kwenye jiwe na kuelekea kwa ng'ombe au kwa nyumba ya jirani. Kitufe kimoja kingempa mtu 77 kwa sababu ya upepo, bila kuuliza nyuma ya mnyama kuna nini. Nilimwambia, "Mzee, hiyo sitaiandika." Programu itauliza kwanza: karatasi au mnyama? Mtutu unazungusha kila inchi ngapi? Usipojibu, haikupi namba. Aliguna, akakaa kimya siku nne (nami nilikuwa nahesabu kodi ya nyumba), kisha akaandika kwamba mtutu wake ni wa inchi 12 na hakuwahi kuuliza.

Nami bado nina dukuduku langu. Mnyama yule ndiye chakula cha kicheche mwenye miguu myeusi, aliyedhaniwa ametoweka duniani hadi alipoonekana tena mwaka 1981, huko huko Wyoming. Na vipande vya risi ya risasi vinavyobaki kwenye mzoga huliwa na tai na mwewe. California imekataza risasi za madini hayo katika uwindaji wote tangu Julai 2019. Za shaba zipo, ila shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kwa uzito ule ule risasi huwa ndefu zaidi... na hapo tunarudi kwa mtutu! Nimeongeza sehemu ya kuchagua shaba. Mzee hakuiagiza, wala sijamtoza.

Kilichobaki ni hewa. Cheyenne, mji mkuu wa Wyoming, uko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na Nairobi karibu mita 1,800. Hewa nyepesi, ukinzani kidogo. Nilisoma kanieneo ya hewa kwa simu yangu nikiwa kibarazani, nikaiingiza, nikakokotoa tena ile safari ya yadi 500. Ile ya greni 55 ilishuka kutoka sentimita 88 hadi 70, sawasawa na 77 kule pwani. Ile ya 77 ilifika 56.