Mpya Kabrasha

Maneno hayo mawili niliyaona kwenye kioo cha kompyuta mwaka 2007: Mpya Kabrasha. Niliyatafsiri mwenyewe. Kwa miezi kadhaa, kila usiku baada ya kazi, nilikuwa nikijitolea kutafsiri programu huria kwa Kiswahili, na siku hiyo ndipo nilipoiona kazi yangu ikifanya kazi kwa mara ya kwanza. Moyo ulinishuka.

Hamasa tulikuwa nayo tele. Desemba 2004 ilikuwa imetoka Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili iliyotayarishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wengi wetu tuliona mlango umefunguka. Shida ilikuwa kwamba waandishi wa programu yetu waliweka neno "New" mahali pake na "Folder" mahali pake, kompyuta ndiyo iyaunganishe. Kwa Kiingereza yananyooka. Kwetu sifa hufuata nomino na huitikia ngeli: kabrasha jipya, ujumbe mpya, kitufe kipya, majina mapya. Mimi nililetewa faili tu, mstari wa juu Kiingereza, wa chini mtupu, niujaze. "Open" ni fungua, au ni wazi? "Empty" ni tupu, au ni amri ya kumwaga kilichomo? Nikakisia.

Ningemuuliza nani? Wasanidi walikuwa na kikao chao, waandishi wa miongozo chao, na watafsiri wa kila lugha walijifungia kwao. Nilidhani Kiswahili ndicho chenye mashaka, mpaka Mfaransa mmoja aliponieleza kwamba naye "New" hiyohiyo inamsumbua: kabrasha kwao ni la kiume, dirisha ni la kike, na "mpya" hubadilika. Kumbe kila nyumba ilikuwa ikiugulia ndani kwa ndani. Zana ya kusaidia ilikwishakuwapo. Tangu 2006 gettext, inayobeba tafsiri za programu nyingi huria, ilimruhusu msanidi kuambatisha muktadha kwenye kila neno. Lakini msanidi anayezungumza Kiingereza pekee angejuaje kwamba unahitajika? Tulipomwandikia msanidi wetu pamoja, watu wa lugha kadhaa na mifano mkononi, alirekebisha kwa siku chache, akaandika sentensi nzima badala ya vipande. Hakuwa mkaidi. Hakuwa ameambiwa.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba hapo ndipo penye mageuzi yote. Siku hizi naona makubwa zaidi yalitokea nyumbani kwetu wenyewe.

Sisi wa Kiswahili tulikuwa makundi mawili, la Nairobi na la Dar es Salaam, na tuligawana kazi: hawa menyu, wale visanduku vya maonyo. Tulikuwa tukitafsiri kwa Kiswahili huku tukijadiliana kwa Kiingereza. Hakuna aliyeamuru. Istilahi za kazi zilikuwa za Kiingereza, na tuliona ni heshima wakubwa wa mradi waweze kutusoma. Tulibishana kama tuseme kompyuta au tarakilishi, na hata ubishi huo ulikuwa wa Kiingereza.

Kisha akajiunga dada mmoja wa Lubumbashi. Alijua Kifaransa, na Kiswahili cha kwao kinachosema mutu na muzuri, Kiingereza kidogo sana. Aliomba tumwandikie Kiswahili. Wiki ya kwanza tulijikwaa kwa kila sentensi, watu tunaosema Kiswahili tangu utotoni. Ya pili ikawa rahisi.

Ndipo akatutumia picha ya kisanduku kimoja. Swali: Futa faili hili? Chini yake vitufe viwili, Futa na Futa. Akauliza, "Futa gani ndiyo inafuta?"

Nilikitazama kile kisanduku kwa muda mrefu. Kundi moja lilitafsiri "Cancel" kwa futa, kama tunavyofuta mkutano. Kundi lingine likatafsiri "Delete" kwa futa, kama tunavyofuta ubao. Kila moja lilikuwa sahihi. Na kwa kuwa tulizungumza Kiingereza, ambacho kina maneno mawili tofauti, mgongano ule haukuweza kusikika katika mazungumzo yetu hata siku moja. Ulikaa kwenye kioo cha mtumiaji, ukimngoja abonyeze na kupoteza kazi yake. Sijui ni wangapi walioipoteza, na bado inaniuma.

Mzee mmoja wa Mombasa, ambaye kwenye vikao vya Kiingereza alikuwa kimya kabisa, ndiye aliyeleta ghairi. Akaeleza: umekusudia jambo, umelianza, kisha umebadili nia kabla halijatimia. Hakuna aliyepinga. Kitufe kimoja kikabaki Futa, cha pili kikawa Ghairi.

Dada wa Lubumbashi hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Siku mbili baadaye alituandikia kwamba mvua ilikuwa imemkuta mlangoni na kikapu mkononi, akawaambia wanawe ameghairi kwenda sokoni, nao wakamuuliza ni Kiswahili cha wapi.