Watangazaji wa hoki waliowakutanisha bibi na wajukuu

Ukishuka kwenye kituo cha treni cha College, katikati ya jiji la Toronto nchini Canada, ukatembea dakika chache kuelekea mashariki, utafika kwenye jengo kubwa la matofali ya manjano. Ndani yake ni supamaketi. Watu wanachagua mkate, maziwa na mboga. Lakini kati ya rafu, sakafuni, kuna doa jekundu. Hapo ndipo palipokuwa katikati ya uwanja wa Maple Leaf Gardens, nyumba ya hoki ya barafuni tangu 1931 hadi 1999.

Kwetu mchezo huu ni mgeni, ingawa Nairobi ipo timu iitwayo Ice Lions. Kwa ufupi, kila upande huwa na wachezaji sita wenye viatu vya kuteleza na magongo. Hawapigi mpira, wanapiga kisahani cheusi kigumu cha raba. Kisahani hicho hukimbia mno, na mara nyingi macho hayakioni kinapoingia golini. Ndiyo maana Canada mtangazaji wa hoki ni mtu mkubwa. Bila yeye, wengi wangejua bao limefungwa baada ya kuona wachezaji wakikumbatiana.

Sauti kutoka darini

Ndani ya uwanja huo, mita kama 17 juu ya barafu, palikuwa na kibanda kilichoning'inia chini ya paa. Humo alikaa Foster Hewitt, aliyeanza kutangaza hoki redioni mwaka 1923 akitumia simu. Inasimuliwa kwamba kabla uwanja haujajengwa alipanda ghorofa moja baada ya nyingine kwenye jengo la duka kubwa, akiwatazama wapita njia barabarani, hadi akapata kimo ambacho aliwaona vizuri zaidi. Akaomba kibanda chake kiwekwe kwenye kimo hicho.

Jumamosi usiku aliwasalimu wasikilizaji wa Canada, Marekani na Newfoundland, ambayo wakati huo haikuwa sehemu ya Canada. Bao likipatikana alipaza sauti kwa maneno machache tu: anapiga, anafunga! Watoto wa Canada waliyarudia maneno hayo kwenye mabwawa yaliyoganda na kwenye vichochoro. Ndivyo watoto wetu wanavyocheza chandimu huku mmoja akijitangaza mwenyewe kwa jina la mchezaji anayempenda.

Tarehe 28 Septemba 1972, Hewitt akiwa na umri wa karibu miaka 70, alitangaza kutoka Moscow bao la Paul Henderson dhidi ya Urusi ya Kisovieti, zikiwa zimebaki sekunde 34. Kibanda chake kilivunjwa mwaka 1979. Jina lake limebaki kwenye tuzo ambayo watangazaji wa hoki wanapewa tangu 1984.

Montreal: hoki yapata Kifaransa chake

Ukipanda treni kwenda Montreal unaingia kwenye lugha nyingine. Huko Danny Gallivan alitangaza kwa Kiingereza kwa zaidi ya miaka 30, akijitungia maneno pale ambapo kamusi haikumtosha. Lakini aliyenivutia zaidi ni René Lecavalier. Mwaka 1952, televisheni ilipoanza kuonyesha hoki nchini Canada, yeye ndiye aliyetangaza kwa Kifaransa.

Wakati ule hata wachezaji waliozaliwa kwenye Kifaransa walitaja mambo mengi ya mchezo kwa Kiingereza. Lecavalier alikuwa na jina la Kifaransa safi kwa pigo, kwa pasi na kwa kosa. Aliyatumia wiki baada ya wiki hadi yakawa maneno ya sebuleni. Hakumkemea mtu, alitangaza mechi tu.

Kisahani kinapoitwa katlesi

Mwaka 2008 shirika la CBC lilianza kutangaza hoki kwa Kipunjabi, lugha ya maelfu ya familia zilizohamia Canada kutoka India na Pakistan. Mtangazaji wake aliyejulikana zaidi ni Harnarayan Singh, Kalasinga mwenye kilemba, aliyezaliwa katika mji mdogo wa Brooks, jimbo la Alberta.

Yeye na wenzake hawakuwa na maneno, ikabidi wayatafute jikoni na mtaani. Kisahani wakakiita tikki, kitafunwa bapa cha viazi ambacho msomaji wa Dar es Salaam angekiona ndugu wa katlesi. Mwaka 2016, katika mchezo wa kwanza wa fainali, Nick Bonino alifunga bao la ushindi la Pittsburgh. Singh akalitaja jina Bonino mfululizo, bila kuvuta pumzi, hadi video yake ikazunguka dunia. Pittsburgh walipotwaa kombe, waliwaalika watangazaji hao wa Kipunjabi kwenye sherehe zao.

Faida kubwa ilikuwa majumbani. Babu asiyejua Kiingereza na mjukuu asiyependa kuongea Kipunjabi waliketi kwenye kochi moja, wakigombania bao lilelile.

Nilielewa uzito wa jambo hilo nilipokuwa Toronto kwa mwenyeji wangu, mama wa watoto wawili aliyetokea Tanga. Mama yake mzazi alikuwa amekuja kumsaidia kulea. Kutwa nzima bibi huyo alikaa kimya. Wajukuu walimwamkia shikamoo, kisha mazungumzo yakaishia hapo. Kama mwandishi wa habari za afya nimesikia wazee wengi wakieleza upweke wa namna hiyo. Ndani ya nyumba wamo watu, lakini wa kuzungumza naye hayupo.

Jumamosi hiyo hoki ilikuwa kwenye luninga.

"Wanagombania nini hawa?" bibi aliuliza.

"Paki, Bibi," alijibu mjukuu wa miaka tisa.

"Paki ndiyo nini?"

Mtoto alimtazama mama yake. Mama hakumsaidia. "Ni kama... sahani. Sahani ndogo."

"Kisahani," bibi akasema.

"Kisahani. Huyu anapiga kisahani. Ooh! Haijaingia, Bibi!"

"Hakijaingia," bibi akasahihisha, akicheka. Waliendelea hivyo hadi mwisho wa mechi.

Jaribuni nyumbani

Mzazi, huhitaji barafu wala kuishi ughaibuni. Watoto wengi wa Dar es Salaam na Nairobi nao hawawezi kuzungumza na bibi yao kwa lugha ya kijijini kwao. Siku ya mechi, iwe Simba na Yanga au Gor Mahia na AFC Leopards, punguza sauti ya luninga kwa dakika kumi. Mpe mtoto kijiko kiwe kipaza sauti, atangaze kwa Kiswahili au kwa lugha ya bibi. Akikwama kwenye neno, usimcheke, na usikimbilie kumpa la Kiingereza. Mpigie bibi simu, muulize yeye angeliitaje jambo hilo, kisha umwachie mtoto simu aendelee kumtangazia.